Inchi Ishirini na Nne

Kabla ya kupima printa nilipima kichochoro.
Kutoka gatini hadi mlango wangu wa Mkomani
pana pembe saba, na pembe ya tano,
nyuma ya ukuta wa kina Bi Zuwena,
punda wawili hawapishani mpaka mmoja arudi nyuma.
Futi ya chuma ikasema: sentimita tisini na sita.
Nikaiandika kiganjani, kwa kalamu ya bluu,
kama namba ya simu ya mchumba.

Miaka minne michoro yangu ilisafiri kuliko mimi.
Naituma Mombasa kwa basi, ndani ya kipande cha bomba,
inachapwa, inarudi siku ya tatu,
mara mtu ameikalia,
mara imelowa maji ya samaki wa abiria mwingine,
na mbele ya halmashauri nikasimama
nikieleza orofa inayonuka nguru.
Mia tatu kwa karatasi, mia mbili nauli ya bomba.
Mali bila daftari, husema watu.
Mimi daftari nilikuwa nalo. Ndilo lililonitia aibu.

Basi nikaenda kuposa.

Ya kwanza Mombasa, dukani penye kiyoyozi,
mpya, nyeupe kama jino la mtoto.
Bei yake ikanitabasamia.
Nikauliza bei ya wino. Muuzaji akapangusa meza.
Nikauliza tena. Rangi nne, akasema,
na hata ukichapa nyeusi tupu
zile tatu nazo hunywa kidogo kidogo.
"Mimi sichori machweo," nikamwambia.
"Nachora kuta."

Ya pili Malindi, kwa Ngumbao, mpima ardhi mstaafu,
inchi thelathini na sita chini ya leso ya mkewe,
bei ya kutupa.
Nikampa mchoro wangu wa mtihani:
ukuta wa zidaka, arubaini na nane,
kila kimoja na tao lake,
mistari myembamba kama unywele wa kope.
Mashine ikakohoa, ikavuta, ikatema.
Matao yakatoka na meno ya msumeno,
na kila baada ya shubiri
ufa mweupe umepita ukutani.
"Kichwa kimekauka," akasema kwa upole,
kana kwamba anajisemea yeye.
Kichwa kipya ni nusu ya bei ya mashine.
Na urefu wake, nikahesabu, na ile pembe ya tano...

Ndipo nikamuuliza Fundi Famau,
ambaye ndiye msomaji wangu.
"Zile kubwa mimi huzikunja mara nne,
nikaweka jiwe juu. Upepo wa darini hauna adabu.
Nipe ndogo, bora mato yangu yaone."
Miaka minne namchapia mita nzima
naye akisoma robo.

Niliipata Tudor, kwa mshonaji
aliyechapia ruwaza za makanzu na sare za shule.
Inchi ishirini na nne. Elfu sitini na mbili, imetumika,
lakini asubuhi ile ile ilikuwa kazini,
wino bado mbichi mdomoni.
Zidaka zangu zikatoka zote, hesabu kamili.
Sikununua mashine; nilinunua mazoea yake.

Hamali wawili, pembe saba.
Ya tano ikabakisha upana wa vidole vinne.
Sasa imekaa mbali na dirisha la baharini,
karatasi zake nimezifunga plastiki na gunzi la mchele,
na kila asubuhi kabla ya chai,
kazi iwepo isiwepo,
naipa mstari mmoja ichape, isije ikasahau.

Mchoro wa kwanza ulikuwa ngazi ya Bi Zuwena.
Fundi akaukunja mara moja tu, akaufuata kwa ukucha,
midomo ikihesabu.
"Vipandio kumi na vitatu," akasema. "Hapa viko kumi na viwili."
Kumbe ile mistari minene ya Mombasa
ilikuwa ikinisitiri.

Nikarudi juu. Nikaongeza kipandio.
Nikachapa tena, na wino ulikuwa wangu.